Lori Lililokunywa Mawese

Wakati wa vita nilikuwa dereva asiye na kitu cha kuendesha, na katika Kisangani ya siku zile hatukuwa wachache. Lori lenyewe lilikuwepo. Lilisimama nyuma ya ghala la tajiri wangu, magurudumu yote chini yake, na kuku walikuwa wamezoea kutagia kwenye kiti changu. Kilichokosekana ni mazutu, ambayo kwingine huitwa dizeli. Mto ulikuwa umefungwa upande wa chini, boti za Kinshasa hazikupanda tena, na mafuta machache yaliyoletwa na ndege yalikwenda moja kwa moja kwa wenye bunduki.

Tajiri wangu alikuwa mjane kutoka Kivu Kaskazini, mwuza chumvi, sabuni na vikwembe, yaani vitenge, mama wa misa ya asubuhi asiyependa maneno mengi. Nilianza kumwendeshea mume wake, na alipofariki nikabaki na lori kama vile mtu anavyobaki na mtoto wa marehemu. Mjini wote tulimwita mama patroni.

Nikafanya walichofanya wengine. Nilishona mto wa sponji, nikaufunga nyuma ya baiskeli, nikawa mtu wa toleka. Ndivyo tulivyoziita teksi zetu za baiskeli, na mji mzima ulikalia migongo yetu: makarani waliokwenda ofisini pasipo mshahara, wanafunzi wa chuo kikuu, kina mama wenye mabeseni ya samaki. Mimi niliyezoea kushika usukani wa lori lililojaa hadi Buta, sasa nilikuwa nahema kwenye kila mlima mdogo huku abiria akiniuliza kama nimekula. Jioni magoti yalikuwa yakinilia kama mlango mbovu.

Kisha majeshi mawili ya kigeni yakaanza kupigana katikati ya mitaa yetu. Asubuhi hiyo nilikuwa ng'ambo, Lubunga, nimevuka kwa pirogi na baiskeli yangu kumpeleka mama mmoja shambani. Mabomu yalipoanza, wapiga makasia walivuta mitumbwi yao majanini wakakimbia. Nilikaa ukingoni siku zote zile nikiutazama mji wangu ukitoa moshi, sijui mke wangu yuko wapi wala watoto. Nilipoweza kuvuka nikakuta mlango umefungwa kwa kamba na nyumba ni tupu. Jirani akaniambia amewaona wakivuka daraja la Tshopo kwa miguu, kuelekea kaskazini, mtoto wa mwisho mgongoni.

Niliwakuta Bengamisa, kwa mama mkwe wangu. Walikuwa hai wote. Sitaeleza nilivyojisikia, niliegemeza baiskeli ukutani ikaanguka, nikaiacha pale chini.

Lakini kuwarudisha nyumbani kulikuwa jambo jingine. Mtoto wa mwisho alikuwa ametoka kwenye malaria mbaya, amelegea kama kikwembe kilicholowa, na kwenye baiskeli hakuweza kukaa hata akifungwa. Mama mkwe alikuwa na mguu uliovimba mpaka ngozi iling'aa. Mganga wa zahanati ya pale alikuwa amesema mguu ule unataka hospitali ya mjini. Mke wangu akaniambia wazi: "Mama hapana bakia hapa. Kama yeye haendi, na mimi siendi."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwao, mama mkwe ni bokilo, na bokilo na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, hawagusani, na wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Mama yule angekaaje nyuma ya baiskeli yangu, mikono yake kiunoni mwangu, mwendo wa kutwa nzima? Hata kulifikiria kulikuwa tusi. Kwa hiyo kila nilipokwenda Bengamisa nilirudi peke yangu, nyuma nimefunga bidoni, yale madumu ya plastiki, za mawese. Mama mkwe alikuwa mkamuaji. Mawese yalikuwa mengi kule kuliko maji ya kisima, kwa sababu mto ulipofungwa wanunuzi wa chini hawakuja tena, na ngazi, yale mashada ya chikichi, zilikuwa zikiozea chini ya miti.

Mtu aliyenifungua macho alikuwa fundi mzee wa Lubunga, aliyetumika miaka mingi kwenye karakana ya reli. Sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Siku moja nilimbeba kutoka bandarini kwenda soko kuu, na kwa kuwa bidoni zilikuwa bado zimening'inia pembeni ya baiskeli, miguu yake ilizigonga njia nzima. Tulipofika akashuka, akaifungua moja, akatia kidole, akakinusa.

"Weye si ulikuwa dereva?"

"Ndiyo, tonton."

"Na kamio yako iko inalala kwa sababu ya mazutu?"

"Ndiyo."

"Alors, unatembeza mazutu nyuma ya kinga yako, hii baiskeli, na hujue." Akaifunga bidoni. "Hii itaungua ndani ya moteur. Iko nzito tu. Ukiipasha moto sawasawa, ukiichuja sawasawa, itakwenda. Kule kwenye mashamba ya zamani niliona mashine zikizunguka nayo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza palepale, tumesimama katikati ya wauza pondu, majani ya muhogo, huku mama mmoja akitusukuma na beseni lake. Mawese yakiwa baridi yanaganda, hayapiti kwenye bomba. Kwa hiyo injini lazima iwashwe kwa mazutu kidogo, ya kwenye kidumu cha pembeni. Ikishapata moto, unageuza koki, inaanza kunywa mawese. Na kabla ya kuizima, unageuza tena ili mazutu yasafishe pompa na mabomba. "Hiyo ya mwisho usisahau hata siku moja," alisema. "Ukizima na mawese ndani, kesho yake uko na mshumaa, hapana moteur."

Mama patroni alinisikiliza akiwa anapima chumvi. Hakuinua kichwa.

"Na kama mutaiua?"

"Tonton anasema haitakufa."

"Tonton hakununua hii kamio. Bwana yangu ndiye aliinunua." Akamwaga chumvi mfukoni, akakunja mdomo wa mfuko, akaufunga kwa kamba. "Lakini hata hivi iko imekufa," akasema. "Gari ya kulala ni kama mutu ya kulala. Kuku zinanichekea. Fanya."

Tuliwaondoa kuku. Tulisugua tangi kwa mchanga na maji moto, tukalikausha juani. Tonton aling'oa bomba la shaba kwenye friji iliyokufa, akalizungusha juu ya ekzosi ya lori kama nyoka kwenye tawi, ili mawese yapite hapo yapate joto kabla ya kufika kwenye pompa. Nyuma ya ghala tukaweka pipa juu ya mawe, tukapika mawese mpaka maji yote yaliyokuwa ndani yakaacha kutatarika, tukayaacha yatulie, tukayachuja kwa vipande vya shuka. Majirani walikuja kuuliza kama kuna harusi.

Siku ya kuwasha tulikuwa na betri ya kuazima na kikombe kikubwa cha mazutu ambacho mama patroni alikipata sijui wapi. Injini ikakohoa, ikakamata. Tulingoja mpaka kifuniko hakigusiki kwa moto, kisha tonton akageuza koki. Nilimwona amefumba macho, akisikiliza. Injini ilipunguza sauti kidogo, kama mtu aliyetaka kusema kitu akasahau, halafu ikaendelea. Ikaendelea! Na sauti yake ilikuwa laini kuliko ya mazutu, bila zile kelele za kugongagonga. Moshi ukatoka mweupe, ukajaa parseli nzima, ua wote wa ghala, ukanuka mikate, ile inayokaangwa asubuhi barabarani. Watoto wa mtaa walikuja mbio na midomo wazi.

Haikwenda mbali. Kabla ya kufika kona ya kwanza filta iliziba, tukaifungua, tukaiosha, tukapika mawese upya na kuyachuja kwa kitambaa kizito zaidi. Siku ya pili ikaziba tena, mbali kidogo. Ya tatu ilizunguka kata yote ya Tshopo na kurudi.

Lakini si wote walifurahi. Mama mmoja jirani, aliyempoteza kaka yake kwenye mabomu, alisimama mbele ya lori mikono kiunoni.

"Batu banakula pondu bila mafuta, na ninyi munalisha gari?"

Nilitazama mikono yangu, ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Tonton ndiye aliyemjibu, taratibu, bila kumdharau. "Mama, kule Bengamisa mawese inamwagwa chini sababu hakuna njia ya kuileta. Gari ikikunywa pipa moja, italeta mapipa mengi. Kama haileti, njoo uivunje na nyundo, nitakupa nyundo mimi mwenyewe." Yule mama akaondoka, na mimi niliibeba ile ahadi kifuani kama deni.

Tuliondoka asubuhi, mimi na lori tu, limepakia chumvi na sabuni za mama patroni. Tonton alibaki, kifua chake hakikupenda mvua. Sitasahau nilivyokaa kwenye kile kiti. Miguu yangu, iliyokuwa imezoea kusukuma, ilitulia juu ya pedali ambazo zilitaka kukanyagwa kidogo tu. Tulipovuka daraja la Tshopo niliwapita watu wa toleka wenzangu wakipanda na mizigo, wameinama, wakanipigia kelele, na mmoja akashika nyuma ya lori akavutwa mpaka juu ya mlima akiimba. Milimani lori lilikuwa zito, nilishuka gia mapema kuliko zamani. Mashimo mengine ya barabara ile yangeweza kuficha ng'ombe. Lakini tulikwenda, na nyuma yetu msitu wote ulinuka jiko.

Bengamisa walisikia sauti kabla ya kutuona. Miezi mingi hawakuwa wamesikia gari lisilo la askari, na wengine walikimbilia porini kwanza. Mke wangu hakukimbia. Aliniambia baadaye kwamba aliitambua honi, ijapokuwa sikumbuki kama nilipiga honi.

Mama mkwe alitoka akijikokota na fimbo, akasimama mbali kama inavyotakiwa, uso ameugeuzia pembeni. Akavuta pua.

"Uulize bwana yako," akamwambia binti yake, "anakaanga nini humo ndani?"

Mke wangu akanigeukia. Nami nikajibu kwa kumwambia mke wangu, "Mwambie mama ni mawese yake."

Mama mkwe akavuta pua tena. "Mwambie, ile ya mwisho nilimupa ilikuwa nzuri sana ya kula. Angeniambia, ningemupa ile ya zamani."

Hilo ndilo lilikuwa karipio lote.

Kwenye kabini hakukubali kupanda. Kiti ni kimoja kirefu, na hata mke wangu na watoto wakikaa katikati yetu, bado angekuwa ameketi kiti kimoja na mimi. Tukamfungia kiti cha mbao huko nyuma, mgongo wake ukielekea kabini, juu ya magunia ya mchele niliyobadilishana na chumvi ya mama patroni, mguu wake umeinuliwa juu ya mzigo wa kwanga, ile mikate ya muhogo, na turubai juu ya kichwa. Kina mama wa Bengamisa waliokuwa wakingoja njia ya kufika sokoni walipanda kumzunguka na mapipa yao ya mawese. Walimkalisha kama chifu.

Mvua ilitukuta njiani. Karibu na Masako, si mbali tena na mji, palikuwa na barieri: mti umelazwa barabarani, vibanda viwili, askari. Asubuhi walikuwa wengine, walichukua chumvi wakatupitisha. Hawa wa jioni walikuwa wameloana na wana hasira, na kiongozi wao alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu.

"Zima moteur!"

"Chef, naomba kidogo tu, nigeuze koki kwanza, halafu..."

"Nimesema zima! Unataka kukimbia?"

Bunduki ilikuwa kwenye dirisha, na mtoto wangu wa mwisho alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama yake hapo kando yangu. Nikazima. Injini ikanyamaza na mawese ndani ya pompa, ndani ya filta, ndani ya kila bomba.

Walitushusha wote isipokuwa mama mkwe, aliyesema mguu hautaki. Chef akatembea kulizunguka lori akilipigapiga kofi mbavuni. "Hii nzuri," akasema. "Hii itabeba watu wangu kesho." Lori likichukuliwa na jeshi halirudi. Madereva waliochukuliwa nalo, baadhi yao pia hawakurudi. Mke wangu alinishika mkono, akaubana.

Wakakikuta kidumu cha mazutu nyuma ya kiti, wakakichukua, wakafurahi. Kisha mmoja wao akataka kujua tangi lina kiasi gani. Akaleta kipira, akakitia tangini, akavuta kwa mdomo kama wanavyofanya siku zote. Alivuta kwa nguvu, kwa sababu mawese ni mazito. Yakamjaa mdomo. Akainama, akatema, akapangusa ulimi kwa mkono wa shati.

"Chef! Iko mawese!"

"Mawese gani?"

"Mawese ya kula!"

Chef akatia kidole, akaonja. Akanitazama usoni muda mrefu. "Mazutu iko wapi? Umeficha wapi?"

"Hakuna nyingine, chef. Ile kidumu ni ya kuwasha tu. Gari inatembea na hii."

"Inatembea na mawese."

"Ndiyo, chef."

Askari mmoja alianza kucheka, akijaribu kujizuia. Halafu mwingine. Chef alikunja uso, lakini mdomo wake ulimsaliti, na mwishowe naye akacheka mpaka akashika boneti. "Mimi sitaenda vita ndani ya sufuria!" akasema. "Adui atasikia harufu, atakuja na ndizi zake za makemba akaange. Chukua takataka yako, kesho asubuhi nisiione hapa."

Sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile. Kina mama nao walicheka, wengine machozi yakiwatoka. Lori lilikuwa letu bado. Lakini usiku barieri haikufunguliwa, tukalala pale, watoto kwenye kabini, kina mama chini ya turubai.

Furaha iliisha nilipofungua boneti alfajiri. Mvua ilikuwa imeacha ubaridi, ukungu umekaa juu ya barabara. Nilifungua filta na kukuta kitu cha rangi ya machungwa, kigumu kama sabuni. Mabomba yote vivyo hivyo. Mazutu ya kuwashia hayakuwepo tena, betri ilikuwa ya mtu mwingine na dhaifu, na yule chef alikuwa amesema asituone. Nilisimama mbele ya injini, mikono imening'inia. Nilimwambia mke wangu, "Imekwisha. Tutembee." Naye akatazama nyuma, kule juu alikokuwa mama yake.

Sauti ilitoka juu ya magunia.

"Uulize bwana yako, mafuta ikilala namna hii, sisi tunafanya nini?"

Mke wangu akageuka kuniuliza, lakini nilikuwa nimeshasikia. Kila mama wa Bengamisa hujua la kufanya mawese yakilala. Anayaweka karibu na moto.

Basi waliwasha moto. Waliomba kuni zilizokauka chini ya paa la vibanda vya askari, na askari wakawapa. Sufuria zilizokuwa zikienda sokoni zikashushwa. Nilichota mawese tangini kwa kipande cha kibuyu, wakayapasha mpaka yakawa mepesi kama chai. Maji yalichemka kwenye sufuria nyingine. Nilikumbuka neno la tonton kwamba pompa baridi ukiimwagia maji yanayochemka inapasuka, nikawaambia. Ndipo mama mkwe, kutoka kiti chake, akafungua kikwembe cha pili alichokuwa amejifunga juu ya kile cha ndani, akakitupa chini. "Muloweshe hiki, mukifunge humo. Kama mutoto wa homa. Vuguvugu kwanza, halafu moto kidogo, halafu moto."

Ndivyo tulivyofanya. Vikwembe vya kina mama vilizungushwa kwenye pompa, kwenye filta, kwenye kila bomba, vikaloweshwa, vikakamuliwa, vikaloweshwa tena. Mke wangu alikuwa ameshuka kijitoni kuchota maji mengine. Mimi nilikuwa nimeingia nusu mwili chini ya boneti, mkono mmoja umeshika bomba lililolegezwa, nikasikia mtu anakuja nyuma yangu, hatua nzito, fimbo, hatua nzito. Nilidhani ni mmoja wa kina mama. Sufuria ya mawese moto ikasogezwa kando ya bega langu.

"Mutoto yangu, kamata. Inaniunguza."

Nilikamata. Vidole vyetu viligusana kwenye mpini. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe wangu amesimama kwa mguu wake ule, jasho usoni, ananitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Nikamimina mawese kwenye filta, yeye akashikilia kifuniko mpaka nikakikaza. Kisha akageuza uso pembeni, akarudi zake polepole. Ni nani alimsaidia kushuka kule juu, sijui hadi leo.

Tulishusha magunia ili lori liwe jepesi. Kina mama walisukuma, na bila kuombwa askari wawili wakaegemeza bunduki zao mtini, wakaja kusukuma pia. Lori likasogea, likashika mteremko mdogo, nikaachia klachi. Likagoma. Wakasukuma tena. Injini ikapiga chafya, ikanyamaza, ikapiga nyingine, halafu ikakamata, vibaya, inatetemesha lori lote, moshi mweupe umefunika barieri na vibanda na watu. Nilikanyaga na kukanyaga, nikiiomba kama mtu anavyomwomba mgonjwa anywe uji. Ikatulia. Mlio wake ukawa sawa.

Kina mama walipiga vigelegele mpaka ndege wakatoka mitini, wakapakia magunia upya injini ikinguruma. Mimi niliweka kichwa juu ya usukani. Mke wangu alipopanda alinikuta hivyo, akaniwekea mkono mgongoni. "Twende," akasema. "Usiizime tena."

Sikuizima mpaka mjini. Mama mkwe tulimpeleka hospitalini lori likinguruma nje, na mguu ule ukapona baada ya kukatwa jipu na kupewa dawa. Mama patroni alipanda juu ya gurudumu kuhesabu magunia yake, akashuka, akasema tu, "Bon," kisha akaniletea chai mwenyewe kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wiki ile mawese yalishuka bei katika soko la Tshopo. Jirani yetu yule alinunua bidoni mbili. Hakuomba nyundo.

Nyumbani mke wangu alifungua mlango, akasimama kizingitini akinusa unyevu. Bati lilikuwa limetobolewa na vyuma vya mabomu, na jua lilikuwa limetawanyika sakafuni vipande vipande. Watoto wakubwa walikimbia kurukia kipande kimoja hadi kingine. Yule mdogo alitaka chakula, akala, akataka kingine. Nilimtazama akila mpaka usingizi ukanichukua nimekaa.

Madereva wengine walikuja kuuliza, tukawaonyesha, mimi na tonton. Wako waliofuata yote, magari yao yakafanya kazi hadi mwisho wa vita. Wako waliochoka kuchuja au kupika, injekteri zao zikashikwa na lami, wakaja kutulaumu. Hata la kwetu lilidai malipo: pompa ililia mwaka mmoja baadaye na tukaibadilisha. Siku hizi nasikia kuna mafuta ya mimea yanayotengenezwa viwandani kwa alkoholi na soda kali ya kutengenezea sabuni, yanaitwa biodizeli, na yanaingia kwenye tangi kama mazutu, bila kuni wala vikwembe. Mtu wa kilimo alinieleza hayo na nikafurahi kuyasikia. Ningekuwa nayo siku ile pale Masako, ningelala vizuri.

Boti ya kwanza kutoka chini ilipofika, mji wote ulikwenda mtoni. Watu walilia, waliimba, waliingia majini na nguo. Siku chache baadaye nilijaza mazutu, tangi zima, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Niliwasha kwa ufunguo tu. Zile kelele zake za zamani za kugongagonga zikarudi, nikatoka nazo taratibu kupitia barabara kuu, madirisha yote mawili wazi, sina haraka, mtu yeyote aliyeninyooshea mkono nikampakia.